Ncha ya Sindano Ndani ya Kubazi

Kila Jumatano, baada ya kipindi cha mwisho, sisi wa darasa la sita tulikwenda karakana ya kijiji kwa kazi za kujitegemea. Wenzangu walikata soli, mimi nilishona. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa karibu na Ziwani, na karakana yake ilikuwa na cherehani moja tu ya ngozi, nzito kama kinu.

Tulishona makubazi ya wagonjwa wa ukoma waliokaa kituoni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Misumari ilikuwa marufuku kabisa.

"Ukoma unaua hisia za mguu," Fundi Erasto alituambia siku ya kwanza. "Mgonjwa akichomwa hasikii. Atatembea na kidonda mpaka kioze."

Ndiyo maana sindano ikivunjika, kazi ilisimama. Vipande vyote vilitafutwa na kupangwa mezani mpaka sindano ikamilike.

Jumatano hiyo fundi alikuwa nje, anayeyusha nta ya kupaka uzi. Mimi nilikuwa namalizia kubazi la mwisho, la mguu wa kushoto, tena kwa haraka, maana Andrea, mhudumu wa kituo, alikuwa amekwisha kuegesha baiskeli yake mlangoni. Nikaivuta ngozi kwa nguvu ili kazi iende mbio. Tak! Sindano ikapinda, ikagonga chuma, ikavunjika.

Sindano zilikuwa adimu mno miaka ile. Zilibaki mbili tu. Na sisi tulikuwa wakimbizi wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Baba yangu, Mzee Adelino, alitutorosha kwenye vita akatuvusha mto. Mawazoni niliwaona wanakijiji mkutanoni wakininyooshea vidole: tumewapokea hawa, nao wanatuharibia mali! Loo, hofu ni kitu kibaya. Nilificha kipande cha juu mfukoni. Ncha sikuiona. Nikachomeka sindano mpya, nikaendelea.

Wapi! Cherehani ikaanza kuruka mishono, uzi ukakatika. Nikaunga, ukakatika tena. Fundi akaingia.

"Kuna nini, Olinda?"

"Uzi unakatika, fundi."

Akaupitisha uzi kati ya vidole vyake. Nta ilikuwa ya kutosha. Akalegeza skrubu inayobana uzi, bado ukakatika. Ndipo akaichomoa sindano, akaitazama kwenye mwanga.

"Umeiweka kinyume. Unaona huu mfereji mrefu? Uzi unateremka humu. Lazima uelekee upande uzi unakoingilia."

Akaigeuza, akaikaza. Mishono ikatoka imepangana vizuri. Kisha akaniuliza, "Ile ya kwanza imekuwaje?"

"Ilipinda tu. Nimeitupa."

Aliniamini. Andrea akafunga makubazi kwenye baiskeli, akaenda zake.

Nilichukua ufagio. Nilifagia chini ya cherehani, nikapapasa vumbi kwa viganja, nikachungulia hata penye bobini ya uzi wa chini. Ncha haikuwapo. Basi ilikuwa imekwenda na kubazi! Akilini nilimwona mtu nisiyemjua anakanyaga, anakanyaga tena, wala hasikii kitu.

"Fundi, nimekudanganya. Sindano ilivunjika na ncha siioni; niliogopa mkutano wa kijiji," nikasema, na kilio kikanishika. Nikatoa kile kipande mfukoni.

Hakunigombeza. Alidaka baiskeli yake. "Panda!"

Njia nzima nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo kwamba makubazi yawe bado hayajagawiwa. Tulipofika, tulimkuta mmoja wa wagonjwa, Bibi Helena, anatembea barazani, anawaringishia wenzake makubazi mapya na kucheka.

"Bibi, shikamoo! Kaa chini, tafadhali!" fundi alisema kwa sauti kubwa.

"Marahaba. Kwani vipi? Mbona yananitosha sawasawa!"

Nilipiga magoti nikamvua kubazi la kushoto. Ncha ilikuwa imetokeza kwenye soli, na kisigino chake kilikuwa kinatoka damu.

Bibi Helena alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine. "Nimeumia?" akauliza.

Nililia kwa sauti. Andrea alimsafisha kwa maji na sabuni, akamfunga kitambaa safi. "Kidonda ni kidogo," alisema. "Mngekuja kesho ingekuwa habari nyingine."

Fundi aliishika ile ncha kati ya vidole viwili. "Olinda, sindano huvunjika. Hata mikononi mwangu huvunjika, na hakuna mkutano ulionihukumu kwa hilo. Lakini wewe uliogopa, ukaficha, na bibi huyu akaibeba hofu yako kwa mguu wake. Ukikosea, sema papo hapo, kabla kosa halijamfikia mwingine."

"Nisamehe, bibi," nikasema.

Bibi Helena akanyoosha mguu wa kulia mbele yangu.

"Nitazamie na huu, mjukuu wangu," akasema. "Mimi siwezi kujua."