Usiape, Noela

"Kaka, usinifutie maisha yangu!"

Sauti ilitoka nyuma ya watu kama kumi na wawili waliobanana ndani ya steshenari moja karibu na soko la Shinyanga. Umeme ulikuwa umekatika ghafla. Kompyuta zote tatu zilizimika, feni ikajizungusha mara mbili za kuaga, ikasimama. Ulikuwa mwezi wa nane, msimu wa maombi ya vyuo, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa na bahasha mkononi na jasho usoni.

Abdulshakur, mwenye duka, aliinua kichwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi mpaka kwenye mikono. Aliyepiga kelele alikuwa msichana mwembamba mwenye sketi ya kitenge cha bluu, nywele kasuka twende kilioni, viatu vimepauka kwa vumbi la Kishapu.

"Maisha yako nimeyahifadhi, dada," alimjibu. "Hayafutiki hivihivi."

"Umeyahifadhi wapi na mashine imezima?"

Watu walicheka. Abdulshakur naye alicheka, lakini macho yake hayakumwacha yule msichana. Umeme uliporudi, alimwita kabla ya zamu yake, na waliokuwa mbele walilalamika mpaka akawanyamazisha kwa kuwagawia kalamu za bure.

Msichana aliitwa Noela Jilala, kutoka Mhunze huko Kishapu. Alimaliza kidato cha sita mwaka uliopita na alikuwa ameshapata nafasi ya kusomea udaktari Mwanza. Nafasi alikuwa nayo; ada hakuwa nayo. Dirisha la mkopo lilikuwa limeshamfungia, maana kwenye fomu aliandika kwamba baba amefariki na hakuwa na cha kuambatisha. Sasa alibakiwa na ufadhili mmoja tu, Mfuko wa Binti Daktari, uliosomesha wasichana yatima wa Kanda ya Ziwa, ada mpaka chakula.

"Baba yuko hai?" Abdulshakur alisoma kwenye skrini.

"Amefariki. Alifukiwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, nikiwa na miaka sita."

"Pole sana. Cheti cha kifo?"

Noela aliangalia pembeni. "Duara, yaani shimo lenyewe, liliporomoka na watu ndani. Hawakuwahi kutolewa. Sasa cheti nani atatoa, na mwili haupo?"

Abdulshakur aliacha kuandika. Alikuwa ameshajaza mamia ya fomu mwaka ule, na hii ilikuwa ya kwanza kumuuma mwenyewe.

"Niachie namba yako," alisema. "Nitauliza kwa msajili."

"Ya kazi tu?"

"Kwanza ya kazi."

*

Simu ya kazi ilidumu siku mbili. Siku ya tatu alipiga kuuliza kama amekula.

"Nimekula michembe," Noela alijibu. "Wewe mtu wa mjini hata huijui."

"Viazi vya kukausha. Naijua. Nyumbani tunaila na chai ya maziwa."

"Mwongo! Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu Msukuma, dokta. Usinione na kanzu ya Ijumaa ukadhani nimeshushwa na meli."

Alimwita dokta, naye akamwita karani wangu. Noela alikuwa amefikia kwa shangazi yake mtaa wa Ngokolo, na kila mchana alipita dukani na bahasha yake kana kwamba kuna karatasi mpya. Walikula sato kwa mama ntilie wa pale jirani, wakigombania kichwa cha samaki. Noela mtoto wa kanisani, Abdulshakur wa msikitini, na hilo walilizungumza mara moja tu.

"Kwenu watakubali?" Noela aliuliza.

"Watanuna. Wakimaliza kununa watauliza mahari."

Msajili alikuwa amesema hivi: kifo cha zamani kisicho na mwili kingeweza kusajiliwa kama kuna hati mbili za kiapo, moja ya mtu aliyekuwepo siku ya ajali, nyingine ya mwanafamilia. Mfuko ungefunga maombi Jumanne ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni.

"Kuna mtu anaitwa Mayala," Noela alisema. "Alikuwa rafiki wa baba. Mama alisema bado yuko machimboni Nyamalele, mbele ya Katoro. Lakini kila nikimwambia mama twende huko au kwa msajili, anasema magoti yanamsumbua."

"Nitakwenda mimi."

"Shaku, na duka?"

"Duka lina kufuli."

Noela alimtazama, akamtoa uzi kwenye kola ya shati. Hakukuwa na uzi wowote pale.

*

Nyamalele palikuwa na mji wa maturubai na mabati, karasha zikisaga mawe tangu alfajiri, na vumbi jeupe limelala juu ya kila kitu, mpaka juu ya mboga. Abdulshakur alimkuta Mayala ameketi juu ya gunia la mawe, mzee aliyepungukiwa vidole viwili.

"Shikamoo mzee. Natafuta mtu wa kushuhudia kifo cha Jilala wa Mhunze."

"Marahaba. Jilala gani aliyekufa?"

"Aliyefukiwa na duara. Mwaka ule wa watu tisa."

Mayala alinyoosha mkono kuelekea mgahawa wa mabati ng'ambo ya njia. "Jilala wa Mhunze yule pale, anakunywa uji."

Abdulshakur alidhani ni utani. Alivuka njia. Ndani aliketi mwanamume aliyekondeana, mabega juu kama anayetafuta hewa, na alipogeuka, kijana aliona macho ya Noela kwenye uso wa mtu mwingine.

Mzee hakukana. Alipoambiwa nani amemtuma, aliweka bakuli chini.

"Siku ile sikuwa shimoni," alisema, akipumzika kila baada ya maneno matatu. "Nilikuwa hapa, kwa huyu mama Zipora. Orodha ya waliofukiwa ilipotoka, jina langu limo. Watu walilia. Nikajisemea, nitatoka kesho niwaambie. Kesho ikawa keshokutwa. Baadaye Zipora akapata mtoto."

"Miaka kumi na minne, mzee."

"Nimeihesabu, kijana."

Alikohoa mpaka Zipora, mama mnene mwenye gauni la kijani, akaja kumshika mgongo. Vumbi la mawe lilikuwa limekaa kifuani mwa mzee na halikuwa na nia ya kutoka. Aliposikia habari ya ufadhili, mzee alisema neno ambalo Abdulshakur alilala nalo siku nyingi.

"Basi mwambie Mayala aape. Sijawahi kumpa yule mtoto hata daftari. Acha nimpe kifo changu."

Simu ya Abdulshakur ilikuwa kaunta, inachajiwa. Ililia wakati yeye na mzee wako chumba cha nyuma ya mgahawa. Zipora aliichukua.

"Haloo?"

"Nani mwenzangu?" Noela aliuliza.

"Mimi mwenye nyumba. Kijana yuko huku ndani, anaongea mambo yake. Piga baadaye, mdogo wangu."

Noela hakupiga baadaye.

*

Abdulshakur alirudi Alhamisi na hati ya Mayala, imeandikwa na kugongwa muhuri. Aliificha chini ya karatasi za mashine. Angemwambia nini? Akisema kweli, anamnyang'anya Noela chuo kwa mkono wake mwenyewe. Akinyamaza, anamwapisha uongo, na kumnyima baba aliye hai saa tano za basi kutoka pale. Alizima simu. Aliiwasha. Aliizima tena.

Jumapili Noela alikuja mwenyewe, amevaa gauni jeusi la kanisani, mdomo hauna tabasamu.

"Umerudi tangu Alhamisi."

"Nilikuwa nimechoka."

"Mwenye nyumba alikuchosha?"

"Noela, siyo hivyo."

"Basi niambie ni vipi. Nani yule mwanamke?"

Abdulshakur aliangalia karatasi za mashine. Kama angesema ni nani, kila kitu kingemwagika. Akatoa hati chini yake na kumpa.

Noela aliisoma yote. Machozi yalimjaa, akayazuia kwa hasira. "Wabeja," alisema kwa Kisukuma, kama mtu anayemshukuru mpita njia. "Kesho saa tatu niko kwa wakili, naapa ya kwangu. Ulijitolea kuniongoza mpaka mwisho, kwa hiyo uje. Baada ya hapo kila mtu na njia yake."

*

Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo za pamba. Noela alisimama mbele ya meza, Biblia mkono wa kulia. Abdulshakur alikaa kwenye benchi mlangoni.

"Sema baada yangu," wakili alimwambia. "Mimi, Noela Jilala, naapa kwamba baba yangu mzazi…"

"Mimi, Noela Jilala, naapa kwamba baba yangu…"

"Usiape, Noela."

Wakili aliinua miwani. Noela hakugeuka. "Shaku, usinifanyie hivi leo."

"Usiape. Yule mwanamke aliyepokea simu ni mke wa baba yako."

Chini mtu alikuwa anabishania bei ya dawa ya wadudu. Noela aliweka Biblia mezani taratibu, kama chombo kilichojaa maji, akatoka nje hadi kwenye ngazi. Abdulshakur alimfuata na kumweleza yote, hata uji, hata gauni la kijani. Alipomaliza, Noela alinyoosha mkono.

"Mpigie huyo mama, unipe simu."

Zipora alipokea. Noela alisema, "Mpe mzee," na baada ya muda kikaja kikohozi, kisha pumzi.

"Shikamoo," Noela alisema. Lilimtoka lenyewe, kwa malezi tu.

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu.

Kisha akasema, "Apa tu. Mimi nilishakufa zamani. Nenda kasome."

Noela alikata simu. Alimrudishia Abdulshakur bila kumwangalia. "Siku nne ulijua," alisema. "Siku nne uliniacha nikimlilia mtu anayekunywa uji." Akashuka ngazi.

*

Mchana alikuwa Mhunze. Mama yake alikuwa uani, anapepeta choroko kwenye ungo, khanga kiunoni.

"Mayu, baba yuko hai."

Ungo haukusimama. "Nani kakuambia?"

Noela akakaa chini palepale kwenye maganda. Mama hakuuliza "nini", wala "wapi". Aliuliza nani.

"Ulijua?"

"Mdogo wako Ndaki alikuwa hajaanza shule. Mtu wa ng'ombe alimwona Katoro, akaja kuniambia." Mama aliweka ungo chini. "Nilikuwa nimeshakaa matanga. Watu wamekula, wamenipa pole, kanisa zima limeimba. Nisimame niseme nini? Kwamba ametuona hatufai? Wewe ulikuwa unalala na koti lake. Nikaona bora uwe na baba mzuri aliyekufa."

"Ndiyo maana hukutaka kwenda kwa msajili."

"Ningeapaje, ng'wanone? Lakini ukitaka, kesho nitakwenda. Nitaapa nawe. Mungu atanielewa mimi kwanza."

Hilo ndilo lililomliza Noela. Kukataa kungekuwa rahisi kama wangekuwa wanamkatalia. Wote walikuwa tayari kumwapia uongo, kila mmoja kwa mapenzi yake.

Jumanne hakupanda gari la Shinyanga. Alikaa uani na mama yake, wakapepeta gunia la choroko. Saa tisa na nusu simu ililia: Abdulshakur. Ikalia tena saa kumi kasoro dakika tano. Noela aliigeuza uso chini. Saa kumi ilipopita, mama aliinuka, akachota maji, akamnawisha mwanawe vumbi usoni kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo, na hawakuzungumzia chuo tena.

*

Mwezi wa kumi na moja, wenzake waliokuwa wamepokelewa walikuwa wameshavaa makoti meupe na kutuma picha. Noela alikuwa Kagongwa, karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Abdulshakur alishuka hapo siku ya Jumamosi mchana, shati lake halikupigwa pasi.

Alimkuta kafunga kilemba, nyusi nyeupe kwa pumba.

"Umekonda," Noela alisema.

"Na wewe."

"Mimi ni pumba tu, zinanifunika."

Walikaa juu ya magunia, mashine ikinguruma nyuma yao. Abdulshakur alisema alichokuja kusema: kwamba alikosea, kwamba zile siku nne hazijamwacha, kwamba mwakani dirisha la mkopo litafunguliwa tena na safari hii watajaza kweli tupu.

"Mwakani Ndaki anaingia kidato cha tano," Noela alijibu. "Magoti ya mama hayatamsomesha. Ni zamu yake."

"Na wewe zamu yako lini?"

"Ilikuwa Jumanne ile."

Alilisema bila uchungu, na hapo ndipo Abdulshakur alipoona kwamba hakuna fomu ya kumrudishia.

"Nikuoe, Noela. Nizungumze na mama yako."

Msichana alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kwa mapenzi au kwa huruma?"

Angeweza kumdanganya. "Sijui tena," alisema. "Vimechanganyika."

"Mama alinificha kwa kunipenda. Baba alijificha, halafu akataka nimzike ili anisaidie. Wewe nawe ukanificha. Kila anayenipenda ananifichia kitu, Shaku. Nimechoka kupendwa hivyo." Alimshika mkono, akaubana kwa nguvu, akauachia. "Siwezi kuolewa nawe kwa sababu tu ulikuwa wa kwanza kusema kweli. Hata kama ulikuwa wa kwanza."

Abdulshakur hakubishana. Alimsaidia kushona midomo ya magunia sita, kwa mishono iliyopinda, Noela akiifumua na kuirudia. Basi la Shinyanga lilipopiga honi barabarani, jua likiwa bado halijazama, Noela alimsukuma begani.

"Panda. Hilo ndilo la mwisho."

"Noela…"

"Ukifika, nipigie."

"Nikupigie?"

"Nijue umefika. Basi."

Hakungoja basi liondoke. Mtu alikuwa anamwita kwenye mizani.

Abdulshakur alipiga alipoweka mguu stendi. Noela alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Haya."

Hakuna aliyekata. Abdulshakur alisikia mashine ikinguruma upande wa Noela. Noela alisikia makondakta wakigombania abiria. Walibaki hivyo, kila mmoja na simu sikioni, mpaka salio likaisha.