Mtoro Akaa Wima Mtumbwini

Kila asubuhi Mwajabu alichota maji, akatwanga mpunga, kisha akamkalisha mumewe kitandani. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyompandisha hasira. Mtoro alikuwa ameugua kiharusi siku kumi na mbili zilizopita. Mkono na mguu wake wa kushoto ilikuwa imelegea. Lakini kila alipokalishwa, aliusukuma mwili kwa mkono wake mzima mpaka akaangukia upande uleule mbovu. Akivutwa arudi, anapigana.

"Unanifanyia makusudi, Baba Tabu," Mwajabu alisema. "Nakuvuta huku, wewe unakwenda kule."

Mtoro akajibu kwa ulimi mzito, "Mimi nimekaa sawa. Wewe ndiye unaniangusha."

Ulikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Askari wa Mjerumani walikuwa wakichoma nyumba na maghala ya mpunga, kijiji baada ya kijiji. Watu wa bondeni walikuwa wakikimbilia kwenye mikoko. Mwajabu alitaka wakimbilie kwa binti yao Tabu, aliyeolewa huko. Njia ilikuwa mto tu, na mtumbwi haumtaki mtu anayelalia upande mmoja.

Kondo, mdogo wake Mtoro, alikuwa hodari wa mitumbwi. Siku hiyo ya kumi na mbili akaamua kujaribu. Akampakia kaka yake kama anavyopakia shehena. Mtumbwi ukalalia kushoto, naye akaweka pakacha la mpunga upande wa kulia ili usawazike. Kisha akamfunga Mtoro kamba kiunoni, akamvuta kulia. Mtoro akahisi anatupwa majini. Akasukuma kwa nguvu zake zote. Mtumbwi ukapinduka palepale ukingoni, na mpunga wote ukalowa.

Walimrudisha nyumbani. Kondo alikuwa amefura kwa hasira.

"Shemeji, mimi simchukui tena. Atatuua sote. Leo Jumatatu. Jumamosi tunaondoka, yeye abaki."

"Abaki na nani?"

"Na Mungu."

Aliyasema hayo mbele ya Mtoro mwenyewe, kana kwamba anazungumza habari za gogo. Mwajabu alitamani kumpiga.

Jirani yao, Bi Mwanabibi, alisikia kelele akaingia. Mama huyu alimuuguza baba yake kwa ugonjwa huohuo miaka mitatu. Alimtazama Mtoro, kisha akawageukia wale wawili.

"Nani kawaambia mumvute? Na mkono mlegevu mnaukokota kama kamba ya mbuzi. Mtamtegua bega."

"Anafanya makusudi," Kondo alisema.

"Makusudi yamo kichwani mwako. Kiharusi kimemharibia kipimo cha mwili. Akiinama, mwili unamwambia yuko wima. Ukimnyoosha, mwili unamwambia anaanguka. Wewe ukihisi unatupwa shimoni, hutajishikilia?"

Kondo aliutazama mkono mlegevu wa kaka yake.

"Lakini macho yake ni mazima," Bi Mwanabibi aliendelea. "Tutatumia hayo."

Alimkalisha Mtoro ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini, mkono mlegevu ukiwa juu ya mto mapajani. Mwajabu akaambiwa akae kushoto, amkinge asianguke, ila asimsukume. Bi Mwanabibi akakaa kulia.

"Mtoro, itazame nguzo ya mlango. Imesimamaje?"

"Wima."

"Na wewe?"

Mtoro aliitazama nguzo, akajitazama kifuani. Akaitazama nguzo tena.

"Nimepinda," alisema.

Mwajabu aliona haya. Siku kumi na mbili alikuwa akimgombeza mtu asiyejua kosa lake.

"Basi usisukume. Njoo kwangu, upokee kata hii ya maji."

Mtoro akanyoosha mkono wake mzima kulia. Mwili ukaufuata mkono. Akakaa wima, akanywa, kisha akainama tena.

"Rudia," Bi Mwanabibi alisema. "Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Akichoka apumzike. Tangu sasa kila kitu mpeni kwa kulia, na aangalie kitu kilichosimama."

Walirudia Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mara nyingine Mwajabu alikasirika tena, akatoka nje, akarudi. Ijumaa Mtoro alikaa muda wa kumaliza bakuli la uji. Kondo aliona, akaenda kumtengenezea nafasi mtumbwini.

Jumamosi walimkalisha chini kabisa mtumbwini, Mwajabu akiwa kushoto kwake. Kondo alisimama mbele na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Nyuma yao moshi ulipanda kijijini. Ulikuwa moshi wa mpunga walioulima kwa mikono yao, na Mwajabu hakuwasamehe wale askari mpaka alipokufa.

Mtoro aligeuka kuutazama moshi. Akaanza kuinama. Kondo akanyoosha mkono amvute.

"Mwache," Mwajabu alisema kwa ukali. "Simamisha upondo, auone."

Kondo akauchomeka upondo topeni, ukasimama wima mbele ya kaka yake. Mtoro akaukazia macho. Taratibu, bila kuguswa na mtu, akarudisha mwili wake kulia. Mtumbwi ukatulia, wakaenda.

Jioni walifika kwa Tabu. Mtoro akakalishwa mkekani. Kondo akamwendea Mwajabu.

"Shemeji, nisamehe kwa maneno ya siku ile."

"Unaniomba mimi ya nini? Uliyetaka kumwacha ni yule pale."

Kondo alimgeukia kaka yake. Mtoro alikuwa amekaa wima, anamtazama.

"Niliyasikia yote," Mtoro alisema. "Kaa hapa kulia kwangu. Mazoezi bado."