Ratiba ya Saa Kumi na Moja

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Ladipo, hapa hapa Ibadan, naye si mtu wa porojo. Wazee wanaosifu ratiba za televisheni za miaka ya sitini walimtia kichefuchefu. "Matangazo ya saa chache tu, nusu yake picha ya saa ya ukutani!" aliwacheka. "Na bado mnayalilia!"

Alasiri moja alikwenda kwa shangazi yake Morenike, mjane, kuchukua televisheni ya marehemu mumewe akaitupe. Ilikuwa katika chumba cha ndani, kisicho na dirisha.

"Subiri kwanza wasome ratiba, mwanangu," shangazi alimsihi.

"Nani asome, shangazi? Mende?" Ladipo alibandua mgongo wa televisheni. "Tazama! Vyuma vyote vilishatolewa. Miaka yote hii unakodolea macho sanduku tupu!"

Ladipo akalibeba sanduku, jepesi kama kikapu, akashika ushoroba wenye giza.

Hapo sauti ya mwanamke ikaanza kusema ndani ya sanduku, kifuani pake, taratibu, kwa adabu ya watangazaji wa zamani. Saa kumi na moja, hadithi za watoto. Saa kumi na mbili, ngoma. Saa moja, habari.

Ladipo akaliweka chini sanduku, akatia mkono ndani hadi kiwikoni, akapapasa kila kona. Hakugusa kitu ila vumbi.

Sauti ikanyamaza. Kisha, kando kabisa ya vidole vyake, akasikia karatasi ikifunuliwa.