Nyoka Aliyeshikwa Shingoni

"Nyoka mwenye kichwa chembamba hana sumu, shemeji, mimi nimezunguka..."

"Zungukia huko huko! Huoni kidole kinavyovimba?"

"...nimezunguka dunia, bandari kwa bandari, na kote..."

"Nimesema twende hospitali!"

Waliogombana ni mke wa seremala na kaka wa seremala. Kaka huyo alifanya kazi melini miaka mingi, ndiyo maana watu walimwita Baharia. Seremala mwenyewe alikaa juu ya gogo uani, ameshika mkono wake wa kushoto. Jasho lilimtoka. Hakuwa na nguvu ya kuwaamua.

Ilikuwa hivi. Mvua ilinyesha, kisha ikakatika. Seremala akainua mbao zilizolala chini kwenye udongo. Akaona nyoka mdogo, mweusi, anang'aa kama amepakwa mafuta.

Baharia alicheka. "Huyo? Wenye sumu wana kichwa cha pembe tatu na mboni kama ya paka. Huyo ni mnyoo aliyevaa suti. Mshike nyuma ya kichwa, umtupe nje."

Seremala akamshika shingoni, vizuri kabisa, kama alivyoambiwa. Nyoka hakugeuka. Hata mdomo hakufungua. Lakini kidole cha seremala kilichomwa. Akapiga kelele, akamwachia. Mke wake alitokea mlangoni mbio, simu mkononi, akamwona nyoka akirudi chini ya mbao.

Sasa Baharia alikuwa na kamba mkono mmoja, kisu mkono wa pili.

"Tumfunge hapa, tuchanje, tunyonye."

"Kama hana sumu, kamba ya nini?"

"Ya tahadhari."

"Weka kisu chini, mzee."

Aliyesema ni jirani yao, muuguzi wa zahanati. Alikuwa anapita kwenda kazini, kelele zikamleta. Hakusalimu. Alitazama mkono, akamwambia mke wa seremala, "Lete sabuni. Pete itoke sasa hivi, kabla vidole vingine havijavimba."

Pete ilitoka kwa shida. Seremala aliuma meno. Muuguzi akaulaza mkono juu ya ubao mwembamba, akaufunga kwa kitambaa, bila kuubana. "Usiutikise. Usitembee ovyo. Hatufungi kamba, hatuchanji, hatunyonyi. Nyoka yuko wapi?"

"Chini ya mbao." Baharia akachukua jembe. "Nimtoe, daktari atataka kichwa chake."

"Unataka nipate wagonjwa wawili? Nimeuliza ili tukae mbali naye."

"Nilimpiga picha kwa simu," alisema mke wa seremala. "Nikiwa mlangoni."

"Umefanya la maana, dada." Muuguzi akaitazama picha. Uso wake ukabadilika. "Tafuteni gari."

Ndani ya gari Baharia hakuweza kunyamaza. "Lakini kichwa kilikuwa chembamba."

"Huyu anaishi chini ya udongo," muuguzi alisema. "Meno yake ya sumu ni marefu, na yanatokea pembeni ya mdomo hata akiufumba. Kwake hakuna shingo ya kushika."

"Mimi niliambiwa..."

"Uliambiwa na nani? Koboko ana kichwa chembamba. Swila naye, mpaka atanue shingo. Kule Amerika yuko mdogo mwenye pete nyekundu, njano na nyeusi. Kichwa chake kama kidole, na sumu yake inazima pumzi. Asia yuko mwenye pete nyeusi na nyeupe. Anaweza kumuuma mtu usingizini, maumivu madogo, na mtu asiamke tena. Haya, chatu ana kichwa kipana na mboni ya paka. Ana sumu?"

"Hana," alisema Baharia.

"Basi. Kila nchi ina nyoka wake, mzee. Usiyemjua kwa hakika, mhesabu ana sumu, mwache apite. Na aliyeumwa, mhesabu mgonjwa, mpeleke."

Seremala alilia kimya kimya. Mke wake alimfuta uso kwa kiganja.

Hospitalini daktari aliitazama ile picha kwa muda. "Picha hii imetusaidia," alisema. "Dawa ya sumu tuliyonayo ni ya sumu za nyoka wengine. Sumu ya huyu haiigusi. Tungempa mgonjwa bure, na ingeweza kumdhuru."

Walimpa dawa ya maumivu, wakasafisha jeraha, wakamwangalia kwa karibu. Kidole cha shahada kiligeuka cheusi. Mwisho kilikatwa. Mkono ulipona.

"Mngeufunga kwa kamba," daktari alimwambia mke, "pengine leo tungezungumza habari ya mkono mzima."

Baharia alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alisikia.

Waliporudi nyumbani, mke wa seremala alinunua glavu nene. Alifyeka majani ya uani. Akatoa amri: mbao hazilali tena chini, na hakuna mtu wa kuingiza mkono asikoona. Kwanza fimbo ndefu, kisha mkono. Seremala akaanza kutengeneza vichanja vya kupandishia mbao juu. Nyoka akija, aonekane, na apate njia ya kuondoka.

Lakini kazi haikwenda. Alishika msumari kwa vidole vilivyobaki, msumari ukaanguka. Akauokota. Ukaanguka tena. Mke wake alitazama pembeni.

Hapo Baharia akatoka chumbani na begi lake. Tangu hospitali hakuwa amesimulia hata kisa kimoja cha bahari. Kwa mtu kama yeye, ule ulikuwa ugonjwa.

"Ndugu yangu, naondoka. Nimekugharimu kidole kimoja, nisingoje cha pili."

Mke wa seremala alikuwa na maneno aliyoyaweka kwa ajili ya siku hii. Aliyaacha, akainama, akauokota msumari na kuuweka juu ya ubao.

Seremala hakumwambia nenda, wala kaa. Alichukua nyundo kwa mkono wa kulia, akaiinua.

"Kaka," alisema, "njoo unishikie huu msumari."