Siri Niliyompa Pasta Aliihubiri Siku ya Kustaafu

Nina miaka ishirini na mitatu, mama wa mapacha wa miezi minane, na nimesoma hadi kidato cha nne. Sijawahi kumjibu mtu mzima kanisani. Lakini Jumapili ile, hapa Kanja, nilisimama katikati ya ibada nikasema, "Pasta, nyamaza. Hiyo ni siri yangu."

Ilikuwa siku ya kumuaga. Alikuwa akitueleza masomo aliyojifunza katika miaka thelathini ya uchungaji. La kwanza, mchungaji asichague kondoo. La pili, asizoee jikoni kwa washirika. Watu wakacheka. La tatu, akiambiwa jambo faraghani, afe nalo. Tukasema amina, mimi nikaitikia kwa sauti kabisa.

Akafika somo la tano. Akasema mama mmoja wa mapacha alimjia akilia, akamwambia kuna siku anatamani kuwaacha watoto kwenye mahindi, aende asirudi. Akasema maombi yalimfungua. "Jina silitaji," akasema.

Wenzangu, Kanja ina mama wangapi wa mapacha wachanga? Shingo zote ziligeuka.

Ni kweli nilimwambia. Watoto walikuwa na wiki sita. Mume wangu Mutugi anapakia miraa kwenye magari huko Kangeta, anakuja mara moja kwa mwezi. Mmoja akinyamaza, mwingine anaanza. Silali, sili. Nilitaka kumwambia nesi. Pasta akasema kliniki wanaandika kila kitu, lakini yeye huweka mambo moyoni. Nani hangemwamini mtu aliyembatiza? Akaniombea, na kliniki sikwenda. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Lakini watoto wangu sikuwaacha hata dakika moja. Hilo hakulihubiri.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Siakago kwa hiyo sherehe. Hakungoja chakula. Alifika kwangu na wifi zangu wawili, akamfunga mwanangu Njeru mgongoni, pacha wake Wawira akabebwa na wifi. Nikamshika nguo, nikamwambia, "Mama, bado wananyonya."

"Watanyonya chupa," akasema. "Chupa haiwezi kuwatupa kwenye mahindi."

Nikampigia Mutugi simu. Nikamweleza yaliyotokea. Akaniuliza, "Ulisema ama hukusema?" Nikajibu nilisema. Akaniambia basi wakae kwanza kwa mama. Wewe ungejibu nini?

Nimeenda Siakago mara mbili. Mara ya kwanza wifi alinionyesha watoto dirishani. Mara ya pili lango lilikuwa na kufuli. Maziwa yalinijaa hadi nikashikwa na homa. Nayakamua kwenye sufuria, nayamwaga nyuma ya nyumba... Mpaka leo nayamwaga.

Kwa Pasta pia nilienda. Mkewe alinipa chai, hata kuniangalia usoni hakuweza. Pasta akasema, "Binti yangu, ule ulikuwa ushuhuda. Na jina sikutaja." Nikamwomba aende amweleze mama mkwe. Akasema sasa amestaafu, mambo ya familia anaachia familia.

Wazee wa kanisa nao wakaita mtu. Hawakumwita yeye, waliniita mimi! Eti nilivuruga ibada, kwa hivyo nikae kiti cha nyuma bila kushiriki Meza ya Bwana, hadi nipige magoti mbele ya washirika. Sijapiga, na sitapiga.

Dada unayesoma haya, ukijifungua na mawazo mabaya yakakujia, nenda kwa nesi. Umwambie yote, aandike. Ukitaka maombi, yafuate baadaye. Usimpe mtu siri kwa sababu tu ana kola shingoni. Mimi nilidhani kola inafunga mdomo.

Jumanne nilipeleka barua ofisi ya askofu. Karani aliisoma, akaniuliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia agonge muhuri kwanza, maswali baadaye. Nakala ninayo. Inasema hivi:

"Nalalamika kwamba mchungaji wenu alitangaza mbele ya kanisa jambo nililomwambia faraghani, na kwa sababu hiyo nimenyang'anywa watoto. Siombi avuliwe kola. Naomba mumpeleke Siakago, asimame mbele ya mama mkwe wangu, aseme kwamba nilikuja kwake kutafuta msaada, na kwamba watoto wangu sikuwaacha. Naomba iwe wiki hii. Wana miezi minane tu, na wameanza kunisahau."