Watani wa Mapaa

Soko la Rood-Woko lilikuwa limefurika asubuhi ile, na jua la Aprili la Ouagadougou halina adabu: linapiga bati, bati nalo linampiga mtu. Pélagie Zoungrana, kilemba kimelegea, gauni la pamba ya kufumwa limemganda mgongoni, alikuwa akimhoji muuza mabati mali yake imetoka nchi gani. Kazi yake ilikuwa kupima mapaa: lipi linaiumiza dunia zaidi, tangu linapozaliwa mpaka linapozikwa. Shule mpya za jiji zilikuwa zikingoja neno lake.

"Mmossi ananunua bati!" sauti ikamjia kutoka nyuma. "Unataka kukaanga wanao?"

Akageuka. Kijana mrefu, udongo umempaka hadi viwikoni, meno yote nje.

"Na wewe Msamo wafuata nini sokoni? Mbwa wameadimika kwenu?"

Muuza mabati akacheka mpaka akashika kiuno. Wamossi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu. Matusi yao ndiyo salamu: Msamo huitwa mla mbwa, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na kukasirika ni mwiko. Kijana huyo aliitwa Gaston Toé, fundi wa mapaa ya kuba, yale ya matofali ya udongo yasiyotaka mbao wala bati. Siku hiyohiyo alimpeleka kuona moja. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa mtungi. Pélagie akavua viatu, akaketi sakafuni, akatamani asitoke tena.

Mapenzi yakaota. Mchana kutwa Pélagie alizunguka vijijini kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, akipanda mapaa ya watu na kipimajoto chake. Jioni simu inalia.

"Mtumwa wangu, umekula?"

"Nimechoka, Gaston. Hata kutafuna siwezi."

"Njoo nikutafunie."

"Mate ya mla mbwa? Bora nife na njaa yangu."

Alikata simu akicheka peke yake, na uchovu ukapungua kidogo.

Jumapili moja, wakinywa maji ya mtama yenye tangawizi, Gaston akamwambia, "Mtumwa, nitakuoa nikuondoe chini ya bati la baba yako."

"Kamwoe mbwa wako kwanza. Akikukataa ndiyo uje."

Gaston akatabasamu, akatazama pembeni. Alikuwa amesema kweli tupu. Lakini Pélagie angejuaje, na kila Msamo wa mjini alikuwa amekwisha "kumwoa" kwa utani tangu yuko darasa la kwanza?

Kikao cha kuamua mapaa ya shule mpya kilipofika, Pélagie alikuwa hoi, macho yanawasha kwa kukosa usingizi. Akaeleza alichokiona. Kijijini, kuba la udongo halina mpinzani, kwa kuwa udongo unachimbwa palepale. Mjini hesabu inageuka: matofali yanaletwa kwa malori kutoka mbali, mengine yanavunjika njiani, na juu yake mafundi wanatandaza plastiki na kupaka lami ili mvua isipenye. Kwa shule za mjini, akashauri mabati ya zamani yatumike tena, chini yake iwekwe dari ya mikeka ya majani.

Gaston, aliyetumaini kuzijengea shule hizo mapaa ya kuba, akasimama kule nyuma. "Mmossi kamuuza mumewe mchana kweupe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Pélagie naye akajibu upesi, "Tangu lini mtumwa akauliza kwa nini kauzwa?"

Kicheko kikazidi. Gaston akachukua kofia yake, akatoka.

Tangu hapo simu haikulia tena. Mwishowe Pélagie akapiga mwenyewe.

"Umekasirika, Gaston? Mtani hakasiriki, bwana."

"Ndiyo shida yangu hiyo. Nikiumia, mnacheka. Nikikuposa, unacheka."

Akakata. Pélagie akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Kumbe aliposwa! Mwanamume amemposa, naye akamtuma kwa mbwa. Akalia, kwa aibu na kwa mapenzi, mpaka kichwa kikauma.

Jumapili akaenda mtaa wa Tampouy, nyumbani kwa mama yake Gaston. Majirani waliokuwa uani wakinywa bia ya mtama wakasogeza viti. Mmossi amejileta kwa Wasamo, watapata utani wa bure.

"Gaston," Pélagie akasema, "ile ripoti sibadilishi hata neno."

"Usibadilishe. Habari ya malori niliijua kabla yako. Sikutaka tu iwe wewe wa kuisema."

"Na mimi nilidhani unatania. Niulize tena."

Gaston akafungua kinywa. Mzaha ulikuwa tayari ulimini, akaumeza.

"Pélagie, nakupenda. Utakubali nikuoe?"

"Nimechoka, Gaston, na ninakupenda. Ndiyo."

Ua mzima ukanyamaza. Mama yake Gaston akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, hofu usoni.

"Mbona Mmossi na Msamo hawatukanani? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Gaston akasema. "Tunaoana."