Msikilizaji wa Mtondogoo

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa sita, saa tano asubuhi, mtu alicheka katika chumba cha uhariri cha jarida la Mtondogoo. Chumbani alikuwamo mhariri peke yake, na yeye hakuwa amecheka.

Alikuwa akisoma kwa sauti hadithi ya fundi bomba aliyetumwa kuziba uvujaji kwenye kituo cha angani, akakuta kinachovuja ni wakati. Kicheko kilitoka dirishani, kwenye kiti cha mchoraji, ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu mchoraji ahamishie kazi zake nyumbani. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, cha mtu asiyetaka kumkatiza msomaji. Mhariri aliinua macho, akatazama kiti, akatazama mlango. Kisha akaweka alama ya penseli pembeni mwa sentensi. Ni kweli, hapo palichekesha.

Kusoma kwa sauti ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Alianza kama msahihishaji wa gazeti, akapewa nusu ukurasa wa hadithi za roketi na roboti kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka, akaukuza mpaka ukawa jarida. Jina alilichagua mwenyewe: baada ya kesho kuna kesho kutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo, na huko ndiko alikotaka wasomaji wake waishi. Waandishi walimwita Mzee Roketi hata kabla hajawa mzee. Kila hadithi iliyoletwa, nzuri au mbovu, aliisoma hadi nukta ya mwisho. Alisema mtu aliyehangaika kuiandika anastahili angalau hilo. Jioni alizirudia jikoni kwake, mkewe akiosha vyombo. Mkewe akiacha kusugua sufuria, alijua sentensi imekamata.

Mke alifariki. Binti yao aliolewa, akahamia mji mwingine, akawa anapiga simu kila Jumapili. Chumba cha uhariri, kilichowahi kuwa na meza nne na ugomvi usioisha juu ya feni, kikabaki na mtu mmoja anayesomea ukuta.

Sasa ukuta ulikuwa umecheka.

Wiki zilizofuata alizijua tabia za aliyekuwa kitini. Sentensi ikilegea, magurudumu ya kiti yalisaga kidogo, kama mtu anayebadilisha mkao. Hadithi ikinoga, palitulia kabisa. Alipokuwapo palikuwa na harufu, si ya udi wala marashi, bali ya nguo iliyopigwa pasi kabla haijakauka. Mhariri hakumwambia mtu. Alikata palipolegea, akaacha palipotulia, na matoleo yaliyofuata yakawa bora kuliko yote aliyowahi kutoa. Waandishi walianza kuulizana Mzee Roketi anakula nini siku hizi.

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa mchoraji, siku alipoleta michoro ya jalada.

"Sema tena, Mzee Roketi. Masikio yangu leo yamegoma."

Mhariri alirudia.

"Bado. Una mafua?"

Mhariri alitikisa kichwa.

"Mdomo nauona unakwenda. Sauti inakuja kama redio ya nyumba ya tatu." Mchoraji alikuwa anacheka. Aliacha kucheka alipovuta kiti chake cha zamani ili akae. Kiti kile cha magurudumu hakikusogea. "Umekigundisha hiki?"

"Kaa kwenye hicho kingine," mhariri alisema.

Mchoraji hakusikia. Alielewa kwa ishara ya mkono.

Jumapili binti alipiga simu kama kawaida.

"Baba? Shikamoo. Baba, sikusikii. Mtandao wenu huo. Nakata, napiga tena."

Alipiga tena, na tena. Mhariri alisimama katikati ya sebule akaongea taratibu, kisha akapaza sauti mpaka koo likauma. Upande wa pili alimsikia binti yake akimwambia mumewe, chini chini, "Amepokea, lakini kimya tu. Mimi naogopa." Kesho yake binti alipanda basi.

Daktari alimulika koo la mhariri akasema ni zima kama la mtoto. Kufikia hapo alikuwa anazungumza kwa kuandika kwenye karatasi, na binti alikuwa ameshasoma yote: kicheko, kiti, harufu. Mchoraji ndiye aliyewapeleka kwa mganga, mama fundi cherehani ambaye, kati ya magauni na mapazia, alikuwa akiondoa majini. Mganga alikuja ofisini mchana akiwa na sindano bado zimechomekwa kwenye kola. Alisimama mlangoni, akanusa, hakuingia.

"Nimetoa majini kisimani, kwenye lori, hata saluni," alimnong'oneza binti. "Kwenye jarida, mwanangu, ndiyo mara ya kwanza."

"Yumo?"

"Yumo. Amekaa kwa adabu, mikono mapajani. Huyu si wa kurusha vyombo. Ni msikilizaji. Anachosomewa anabaki nacho, na sauti iliyomsomea anabaki nayo. Baba yako amempa nyingi. Imebaki kidogo."

Binti alimtazama baba yake. Baba alikuwa anatazama sakafu.

"Anatokaje?"

"Kwa kunyimwa." Mganga alimgeukia mhariri. "Kaka yangu, nisikilize vizuri. Msomee hadithi nzuri kuliko zote ulizonazo. Ukifika katikati, pale anapotamani kujua zaidi, funga. Inuka, toka, na chumba hiki usikanyage tena. Ataondoka kwa uchungu, na sauti yako itakufuata. Lakini ukiimaliza, kilichobaki ni chake. Hata huyu mtoto wako hatakusikia tena."

Mhariri aliandika: Sijawahi kuacha hadithi katikati.

"Basi utaanza leo," binti alisema. "Baba, chumba chako nimeshakitandika. Kina dirisha la barabarani, hutakosa wa kugombana nao. Mimi nataka tu unijibu shikamoo yangu."

Mhariri alimshika bega. Akaingia, akarudisha mlango. Wanawake wawili walibaki ukumbini, upande wa pili wa kioo cha mlango.

Hadithi aliyoichagua ilikuwa ya mwandishi mgeni, aya ya kwanza tu ndiyo alikuwa ameisoma, na ilimtosha. Ilikuwa ya mwanamke aliyebaki peke yake kwenye kituo cha mwezini, akituma taarifa kila asubuhi bila kujua kama duniani bado yupo wa kuzipokea. Mhariri alisoma ukurasa wa kwanza na kiti hakikusaga, akasoma wa pili na feni juu yake ikapunguza mwendo mpaka angeweza kuhesabu mapanga yake, na ile harufu ya nguo mbichi na chuma cha moto ikaja, safari hii si kutoka dirishani bali kutoka ng'ambo ya meza yake mwenyewe, kwa sababu kiti kilikuwa kimeanza kutembea, polepole, bila kelele, kikazunguka pembe ya meza na kusimama karibu naye kiasi kwamba alihisi joto kwenye magoti, na pumzi, ya mtu aliyeizuia kifuani na kusahau kuitoa, na hapo, pale mwanamke wa mwezini aliposikia mtambo ukipokea jibu, mhariri akafunga karatasi, akaweka kiganja juu yake, na kuinuka.

Alipiga hatua kuelekea mlangoni. Binti alishaanza kunyoosha mikono.

"Halafu?"

Ukumbini binti alisikia neno hilo wazi. Lilikuwa la baba yake, sauti ile ya jikoni, nzima, ya zamani.

"Nimemsikia," alisema. "Mama, sauti imerudi. Nimemsikia baba."

Mganga alimkamata mkono kwa nguvu. "Tazama mdomo wake."

Mdomo wa mhariri ulikuwa umefumba.

"Halafu?" sauti iliuliza tena, taratibu, kama mtu anayeomba maji.

Mhariri alisimama akiwatazama kupitia kioo. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Na yeye pia hakujua ni nani aliyemjibu mwanamke wa mwezini. Alirudi mezani, akakaa, akafungua ukurasa.

Mlango haukuwa na kufuli, lakini haukufunguka. Binti alipiga kioo kwa viganja, akaita, akasukuma kwa bega pamoja na mganga, na muda wote huo waliona midomo ya mhariri ikienda, mstari kwa mstari, mpaka aliposawazisha karatasi zake na kuziweka chini. Hapo ndipo mlango ulipoachia. Aligeuka akamwambia binti yake neno moja. Binti anaamini lilikuwa marahaba. Hakusikia kitu.

Mganga alikataa malipo, akakataa pia kurudi. Mhariri alikataa kuhama. Mtondogoo linaendelea kutoka, na hadithi ya mwanamke wa mwezini ndiyo iliyosifiwa zaidi mwaka huo. Mchoraji hutuma majalada kwa barua pepe.

Binti alirudi kwake. Hakuacha kupiga simu. Kila Jumapili baba yake hupokea, na kwa kuwa hawezi kujibu, binti ndiye huongea: habari za mtoto wa jirani, paa linalovuja, bosi wake mpya anayesinzia kwenye mikutano. Upande wa pili husikia mtu akipumua. Alimwambia mchoraji kwamba amezoea, na kwamba siku hizi hukusanya visa wiki nzima ili awe na cha kusimulia.

Jumapili iliyopita alisimulia kirefu. Alipoweka simu chini, mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Alimwuliza mbona ameshika simu sikioni muda wote huo bila kusema neno.

Binti alimjibu. Mumewe alisogea karibu, akamwomba aongeze sauti.